Kati ya Kofi na Kofi

Tuanze na makofi, maana bila makofi habari hii haina kichwa wala miguu.

Kwenye maktaba ya wasioona, chumba cha mwisho kabisa ukishapita choo, kuna kibanda cha kurekodia. Kuta zake zimebandikwa magodoro ya zamani, milia yake bado inaonekana. Ndani kuna kiti kisicholia, meza iliyotandikwa blanketi, maiki, na msomaji. Nje, upande wa pili wa kioo, kuna kompyuta na fundi. Msomaji anasoma kitabu kwa sauti, fundi anarekodi, kitabu kinatiwa kwenye flashi, flashi inapelekwa kwa msikilizaji nyumbani kwake. Sasa, mtu ni mtu, ulimi unateleza. Msomaji akikosea, au akipaliwa na mate, au tumbo likinguruma mbele ya maiki, anapiga kofi: pa! Anakohoa, anakunywa maji, anajipanga, anapiga kofi la pili: pa! Kisha anaendelea kusoma pale alipoachia.

Kwenye kompyuta sauti ya kusoma inaonekana kama majani mafupi yaliyopandwa mstari, na kofi linasimama katikati yake kama mlingoti. Kwa hiyo Fundi hasikilizi. Anatazama tu. Mlingoti huu hapa, mlingoti ule pale, kilichoko katikati anakikata na kukitupa. Vitabu ni vingi, fundi ni mmoja, na angekaa kusikiliza kila kikohozi cha kila msomaji angezeekea kwenye kiti kile.

Siku aliyoelezwa utaratibu huo, binti yetu, msomaji mpya, alishika jambo moja tu, na likamkaa kama peremende shavuni: kumbe hapa duniani kuna mahali mtu anaweza kusema lolote na asisikike na yeyote.

Na yeye alikuwa nayo ya kusema! Nyumbani walimwita Redio. Mama yake alikuwa akisema huyu hakuzaliwa akilia, alizaliwa akiendelea na mazungumzo. Alikuwa ametoka chuo juzijuzi na shahada yake ya falsafa, na kila aliyemuuliza falsafa inasaidia nini alijibiwa mpaka akajuta kufungua mdomo. Basi maktaba ilipopata ombi la kitabu cha Wayunani wa kale kuhusu mapenzi, kile wanachosoma vyuoni, chenye sura moja kwa kila wazo, angeitwa nani mwingine?

Aliyekiomba alikuwa mama mmoja mstaafu, mwalimu wa jiografia, aliyenyang'anywa nuru na presha ya macho. Alikuwa ameshasikiliza hadithi zote za maktaba, za wapelelezi na za wafalme, akapiga simu akasema, "Hizi zote nimezimaliza. Sasa nileteeni kitu cha kugombana nacho."

Basi Redio akaingia kibandani, akasoma. Alisoma vizuri, tusimnyime haki yake. Sauti yake ilikuwa na maji, na kila alipofika penye hoja aliipunguza mwendo ili msikilizaji apate pa kukanyaga. Shida ilikuwa baada ya kofi. Mwanzoni alikuwa akikosea kweli. Kisha akawa anakosea kidogo makusudi. Mwishowe hakusumbuka hata kukosea. Pa! na anamwaga yaliyomjaa.

"Pa! Jamani! Eti zamani watu walikuwa wawili katika mwili mmoja, duara kama chungwa, mikono minne, miguu minne, ndipo miungu ikatupasua katikati, na tangu hapo kila mtu anahangaika kutafuta nusu yake. Mikono minne! Mimi ningefua, ningepika na ningejisuka nywele kwa mpigo mmoja. Halafu mtazame yule pale na nusu chungwa lake. Hajui hata anachonifanyia. Pa!"

Yule pale alikuwa Fundi. Kijana mpole, sweta lake limetiwa kiraka kwenye kiwiko, na maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyabeba kwenye kiganja. Kila mapumziko alikuwa akimenya chungwa, ganda linatoka zima kama utepe, analigawa, na nusu anaiweka mbele ya Redio bila kusema kitu. Tena alikuwa na masikio. Watu wote wana masikio, lakini Fundi alikuwa nayo kwelikweli.

"Pa! Huyu Myunani mwingine anasema mapenzi ni ngazi. Unaanza kumpenda mtu mmoja kwa uzuri wake, unapanda, unapenda uzuri wa watu wote, unapanda tena, unapenda uzuri wa roho, mpaka unafika juu kwenye uzuri wenyewe usio na mtu. Wapande wao! Mimi nimekaa ngazi ya kwanza, na ngazi yangu ina masikio ambayo upepo ukivuma inaweza kupaa. Wala sishuki wala sipandi. Pa!"

Na upande wa pili wa kioo Fundi alikuwa akitazama majani na milingoti yake, uso mtulivu kama sahani. Mara moja moja alikuwa akigeuka kutazama ukuta nyuma yake, ilipotundikwa kalenda. Juma moja kalenda ikahamishwa ukuta mwingine. Redio hakuuliza kwa nini. Ukuta ukabaki mtupu, na misumari yake.

Halafu ikaja sura ya nne, ndiyo iliyomvuruga.

Sura ya nne ilikuwa na hoja fupi na mbaya. Mtu hutamani alichokikosa. Aliyeshiba hatamani chakula. Mwenye afya hatamani kupona. Basi anayependa ni mwenye kukosa, na mapenzi ni njaa. Redio alitoka kibandani siku hiyo akiwa kimya, mpaka mlinzi wa getini akamuuliza kama anaumwa.

Nyumbani alimkuta dada yake mkubwa anaanua shuka. Dada ndiye mtu pekee aliyejua habari za Fundi, na alizijua kwa lazima, kwa vile walilala chumba kimoja.

"Dada, nimeelewa kwa nini simwambii."

"Leo umeelewa nini?"

"Mapenzi ni njaa. Njaa ukiilisha inakufa. Sasa nikimwambia akakubali, nitashiba, na nikishiba basi, yamekwisha, nitamtazama kama ninavyoitazama hiyo kabati. Na akikataa, lile nusu chungwa silioni tena. Kwa hiyo huku hasara, na huku hasara."

Dada akamtazama juu ya shuka. "Ngoja nikusikie vizuri. Humwambii kwa sababu akikataa utaumia, na akikubali utamchoka."

"Hasa."

"Na hiyo ndiyo uliyokwenda kusomea."

"Kwa kifupi, ndiyo."

"Shika pembe hiyo, vuta," alisema Dada. "Vuta basi! Hata shuka inahitaji watu wawili, we unakaa na njaa yako kama umeajiriwa kuilinda."

Redio akavuta. Lakini hoja haikumtoka, na alipokwenda kuisoma upya sura ya nne tangu mwanzo alimwaga yote baina ya makofi, njaa, shibe, kabati, masikio, chungwa, kila kitu, na kwa mara ya kwanza akalisema waziwazi kwamba anampenda. Alilisema kwa sauti ya kawaida, akimtazama kupitia kioo, na ilikuwa raha ya ajabu, kama kuvua viatu. Kisha akapiga kofi, akaendelea na Wayunani.

Siku hiyo alikuwa na kidole kilichofungwa bendeji. Alijikata akimenya kitunguu huku akisimulia. Hicho kidole kiwekeni akilini.

Flashi ikaenda kwa Mwalimu. Asubuhi moja, Fundi akiwa ametoka kufuata waya mpya, simu ya maktaba ikalia, Redio akaipokea.

"Maktaba, karibu."

"Nampata yule binti anayesoma Wayunani?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekupigia kukupongeza. Sura ya nne imezipiku zote. Nimeisikiliza mara mbili jana na leo asubuhi kabla ya chai. Ila nina swali. Wayunani wamekwenda wapi?"

"Wamekwenda wapi kivipi, Mwalimu?"

"Inaanza vizuri. Mtu hutamani alichokikosa, nimekuelewa. Halafu ghafla mwanafalsafa anaanza habari za masikio."

Redio akatafuta kiti kwa mkono. "Masikio?"

"Ya bwana mmoja. Upepo ukivuma anaweza kupaa. Nikasema, eh, huyu mbona naelewa kila neno? Kisha kuna dada mmoja na shuka, kuna kabati, kuna machungwa mengi sana. Mpaka mwisho. Hakuna Myunani hata wa dawa."

Redio akaketi. Akatazama kidole chake, na mara akaliona jambo lote, zima, kama mtu aliyewashiwa taa. Kidole kilikuwa kinauma. Mwanzoni mwa sura, badala ya kukutanisha viganja, alijipiga pajani, na sketi ilikuwa nzito. Haikutoka pa! Ilitoka puu. Kwenye kompyuta haukusimama mlingoti, kilitokea kikonyo tu, na Fundi akakidhani ni karatasi inafunuliwa. Kofi moja likapotea, na kuanzia hapo mahesabu yote yakapinduka. Kofi la kufunga likahesabiwa la kufungua. Fundi wa watu, kwa uangalifu wake wote, akawakata Wayunani akawatupa, na umbea akauunganisha vizuri, akaupeleka kwa msikilizaji.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "ni nani mwingine amesikia?"

"Mimi peke yangu. Na binti yangu, alikuwa anapita na ndoo. Akaiweka chini."

"Yesu wangu. Mungu wangu. Ni makosa, Mwalimu, samahani, ilitakiwa ikatwe, yale si ya kitabu, yale ni yangu."

"Hilo nililishuku ulipofika kwenye kabati." Mwalimu akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyenyamazisha madarasa. "Usilie. Mimi niliomba kitu cha kugombana nacho, na sasa nimepata watu wawili wa kugombana nao, wewe na huyo Myunani wako. Nisikilize. Mume wangu nimekaa naye mpaka tukaota mvi. Alikuwa wangu, hakuna asiyejua. Sikumkosa. Na kila jioni nikisikia funguo zake zinatafuta tundu la mlango, tumbo lilikuwa linaruka kama niko kwenye lifti. Kila jioni! Sasa hebu Myunani anieleze. Mimi mwenye kushiba, nilikuwa na njaa ya nini?"

Sasa, Redio anaweza kuwa anakufa kwa aibu, lakini swali likitupwa mbele yake hawezi kuliacha chini.  Alikuwa anajaribu kukumbuka kitu.

"Labda ya kesho, Mwalimu," akasema. "Leo ulikuwa naye, sawa. Lakini kesho hujawahi kuwa nayo. Hakuna aliye nayo. Labda kila jioni ulikuwa unatamani arudi tena. Funguo za leo unazo, unataka na za kesho."

Kwenye simu kikasikika kiti kinavutwa.

"Hiyo umeitoa kichwani?"

"Hapana," alisema Redio, na yeye mwenyewe akashangaa. "Imo kwenye sura hiyohiyo ya nne, mbele kidogo. Niliisoma. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye kofi langu, nikaisoma bila kuisikia. Na sasa imekatwa."

"Irudishe basi," alisema Mwalimu. "Nataka kuisikia yote. Na binti, huyo wa masikio anajua?"

"Hajui."

"Mh," alisema Mwalimu, akakata simu.

Redio akabaki na mkono wa simu. Sura ilikuwa lazima itengenezwe, na wa kuitengeneza ni Fundi. Akiifungua na kuisikiliza, amekwisha. Angesikia kila kitu, tena si kwa mpango, si siku ambayo amejiandaa na kuvaa vizuri, bali pamoja na habari za kabati.

Fundi aliporudi na waya begani alimkuta amesimama mbele ya kompyuta kama anayelinda lango.

"Nitasoma upya," alisema Redio, kabla hata hajasalimiwa. "Sura ya nne. Yote. Leo hii. Imeharibika, kofi moja halikulia, kidole, si unaona kidole, likatoka puu, kwa hiyo umekata kitabu ukaacha, ukaacha vile vingine. Ifute tu, usiiguse, nitasoma upya, mimi napenda kusoma, sina kazi nyingine."

Fundi akaweka waya chini. Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri mpaka ukaona.

"Ndiyo maana ilikuwa fupi," alisema. "Nilidhani Wayunani wamechoka."

"Ifute."

"Haina haja. Rekodi nzima ninayo. Nageuza tu, nilichokitupa nakirudisha, nilichokibakiza nakitupa."

"Lakini itabidi usikilize!"

"Kwa nini? Milingoti naiona."

Akaketi. Akachukua hedifoni zilizokuwa shingoni, akazitundika kwenye msumari, mbali. Kisha mbele ya macho ya Redio akaanza kugeuza, kipande baada ya kipande, chumba kikiwa kimya kabisa, sauti ya kipanya tu, tiki, tiki. Redio alisimama nyuma yake akitazama maneno yake yote yanakwenda, majani mafupi, yasiyosikika, mojawapo likiwa lile neno lenyewe. Alitegemea angefurahi. Badala yake akawa kama mtu anayetazama gari likiondoka na mzigo wake.

"Hujawahi kusikiliza?" aliuliza. "Hata kidogo? Hata kwa bahati mbaya?"

"Kilichoko kati ya kofi na kofi si changu."

"Wewe ni mtu mwema sana, Fundi."

"Ila nina macho," alisema Fundi, bila kugeuka.

"Una macho ya nini?"

"Ukisoma, unatazama kitabu. Ukishapiga kofi, unatazama huku." Tiki. "Kila mara. Nikajua kuna kitu nyuma yangu kinakusumbua. Nikahamisha kalenda."

Redio akafunika mdomo kwa mkono wenye bendeji.

"Nikaihamisha," aliendelea Fundi, taratibu, "na bado ukawa unatazama hukuhuku. Tangu hapo sijajua niwaze nini." Masikio yake yote mawili yalikuwa yamesimama kwa ushujaa. "Sehemu moja imeharibika kweli. Pale lilipotoka puu, umejipiga juu ya sentensi. Hiyo itabidi uisome tena. Moja tu."

Akamtafutia ukurasa. Redio akaingia kibandani, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti kisicholia. Upande wa pili wa kioo Fundi alivaa hedifoni, akainua kidole: tayari.

Sentensi ilikuwa hiyohiyo ya mwanzo, ya njaa. Akaisoma. Ilitakiwa aishie hapo. Lakini macho yake yalishuka mwenyewe mpaka mistari ya chini, palepale alipopita mbio siku ile, na safari hii akaisoma kwa sauti akiisikia: kwamba hata aliye nacho hutamani bado, hutamani kukaa nacho siku zilizobaki. Hakuna siku inayokuja ikiwa imeshalipiwa na ya jana. Hayo ya mwisho hayakuwemo kitabuni, aliyaongeza.

Kwa hiyo akapiga kofi. Viganja viwili, kidole kikauma. Pa!

Fundi akapeleka mkono kwenye hedifoni ili azivue, kama ilivyo desturi yake akingoja la pili.

"Usivue," alisema Redio. "Leo sikiliza."

Mkono wa Fundi ukaishia hewani, kisha ukashuka.

"Nyuma yako hakuna kitu. Kalenda umeionea bure. Nilikuwa nakutazama wewe." Mtu huyu ambaye hajawahi kukosa neno alikuwa anayaokota moja moja. "Nimekuwa nikikwambia muda mrefu sana, ila nilihakikisha kwanza kwamba husikii. Niliogopa nikikupata nitashiba. Ndiyo falsafa hiyo, usicheke. Sasa naona nilihesabu vibaya. Nusu chungwa la leo nashukuru. Nataka na la kesho. Basi, nimemaliza."

Akafunga kitabu. Kibanda cha magodoro kina ukimya wake, unasikia damu yako mwenyewe. Fundi alikuwa anamtazama. Kisha akainama kwenye kitufe cha kuongelea.

"Hujapiga la pili," alisema.

"Najua."

"Usipolipiga sitakata."

Redio akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.

Fundi akangoja kidogo, kwa haki tu, kama anavyomngoja kila msomaji. Halafu akavua hedifoni, akasukuma kiti, akaja kuzunguka upande wa mlango.

Flashi mpya ilifika kwa Mwalimu juma lililofuata, na asubuhi yake simu ya maktaba ikalia.

"Wayunani wamerudi," alisema Mwalimu. "Nimeshagombana nao wote, na ile ya kesho nimeirudia mpaka binti yangu amelalamika. Ila mwishoni pale, unasema umemaliza, kinapita kimya, mnabishana makofi, kisha mlango unafunguliwa. Halafu hakuna kitu. Kimya kirefu, binti. Nani kaingia?"

Redio akatazama kulekule alikozoea kutazama. Upande wa pili wa kioo Fundi alikuwa anamenya chungwa, na ganda lilikuwa bado halijakatika.